Mjomba wa Watoto Saba

"Nimekuja kwa kazi ya ofisi," alisema Nafissa, na nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Ofisi yao ya ustawi wa jamii kule Moroni ilikuwa imemtuma mjini Mutsamudu kwa siku mbili, awapime uzito watoto wa kituo na aandike nani apewe maziwa. Watoto alikwisha kuwapima tangu asubuhi. Lakini hakuna ofisi iliyomtuma apande ngazi za mji wa kale, aulize nyumba ya Bi Djouhara kwa watu watatu, kisha aketi ukumbini mwake na kumkodolea macho bibi wa watu kana kwamba anamtafuta mtu mwingine usoni mwake. Hilo lilikuwa la moyo, na moyo hauombi ruhusa kwa mkuu wa ofisi.

Bi Djouhara alikuwa mwanamke mrefu, amejitanda nguo nyekundu ya shiromani, amejipaka liwa mpaka chini ya macho. Alikuwa akichambua karafuu kwenye ungo, vikonyo huku, karafuu kule. Macho yake yalikuwa yaleyale ya Toihir, yale yanayomtazama mtu taratibu mpaka ayasahau aliyotaka kusema.

"Ofisi inataka nini kwa mzee kama mimi?" aliuliza. Lafudhi yake ya kisiwa cha Nzuwani ilimfanya Nafissa achelewe kidogo kumwelewa.

"Tunaandika familia, mama. Umejaliwa watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Na wa kike wangapi?"

Bi Djouhara aliacha kuchambua. "Mwanangu, nimesema mmoja. Utamgawaje mmoja, nusu wa kiume nusu wa kike? Ni Toihir tu. Seremala, yuko huko huko kwenu Moroni."

"Hata kwa baba? Labda baba yake alikuwa na mke mwingine."

"Nani, Sounhadj? Mungu amrehemu. Alikuwa akiniogopa mimi, nguvu za kumwogopa wa pili angezipata wapi?"

Nafissa alitaka kucheka lakini alichojia hakikuwa cha kuchekesha. Wiki mbili nzima alikuwa akitembea na jambo hili kifuani. Ofisi ilikuwa imekusanya kwa mara ya kwanza, kutoka shule tatu za Moroni, majina ya watoto wa familia duni wanaopewa chakula cha mchana na madaftari. Yeye ndiye aliyepewa kuyaandika katika orodha moja. Karatasi ilitaka kila mtoto awe na mtu wa kumjibia, baba au mjomba. Na mbele ya watoto saba, wa mama saba mbalimbali, alikuta jina lilelile kwa mwandiko uleule: Toihir Sounhadj, mjomba. Toihir wake. Toihir aliyetuma wazee kumposa Ijumaa iliyopita.

Mwanamume mwenye wapwa saba kwa mama saba, ama ana dada saba, ama ana siri saba. Sasa mama mtu amesema hana dada hata mmoja.

"Ofisi yenu inaandika bila daftari?" aliuliza Bi Djouhara kwa upole.

Nafissa alitazama mikono yake. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, halijafunguliwa. Alihisi uso wake unawaka moto.

"Kunywa chai yako," alisema bibi, akarudi kwenye ungo wake. "Mimi nami nilianza hivyo hivyo. Nilimwulizia Sounhadj mpaka kwa muuza samaki. Mtu humwulizii ndugu zake kama humtaki. Sasa nami nikuulize. Kila mwaka, Idi ikikaribia, namtumia mwanangu kitambaa cha suruali, cha kijivu, chenye mistari. Kila mwaka watu wakitoka Moroni wananiambia Toihir anavaa ileile iliyochakaa magotini. Vitambaa vyangu vinakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi nenda ukajue. Na umpelekee karafuu hizi."

Nafissa alizipokea karafuu, zimefungwa katika karatasi ya daftari. Kitambaa cha kijivu chenye mistari. Alijua amekiona mahali, tena karibuni, ila hakukumbuka wapi.

*

Alipofika Moroni siku ya Jumanne, alimkuta mjomba wake Mroudjae ameketi sebuleni kwao mtaa wa Badjanani, bakora magotini. Kamaria, mama yake Nafissa, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Kwa watu wa Ngazija, kisiwa chao, nyumba ni ya mwanamke, lakini neno la mwisho juu ya watoto wake ni la kaka yake. Baba huzaa, mjomba hujibu.

"Yule seremala wako," alianza Mzee Mroudjae, "wazee wake waliponijia nilisema nitauliza. Nimeuliza."

"Umesikia nini, mjomba?"

"Nilidhani nitaambiwa ni mlevi, au ana mke kwao Nzuwani. Hayo ningeyapatia dawa. Nimekwenda shule, pale anapotengeneza madawati. Karani akaniambia, 'Toihir? Toihir si ndiye mjomba wa Nouriat, binti Hadjira.'"

Kamaria alishika fremu ya mlango. Jina la Hadjira lilikuwa halijatajwa na mzee huyo miaka saba. Hadjira alikuwa binti wa dada mkubwa wa Kamaria, marehemu, na kwao mtoto wa mama mkubwa ni dada kama dada wa tumbo moja. Aliolewa Majunga, huko Madagaska, bila kumtaka shauri Mroudjae. Mwaka wa sabini na saba, walionusurika mauaji ya Wakomoro kule walipoletwa kwa ndege, alishuka mjane, amembeba Nouriat mgongoni. Nusu ya Moroni ilikwenda uwanjani kupokea watu wao. Mroudjae hakwenda. Tangu hapo Hadjira alikuwa akiishi Vouvouni katika chumba cha kuazima, na Nafissa akimtembelea kwa kujificha, ila kuhusu jina la Toihir hakuwa amethubutu kumuuliza.

"Kwa mkono wake mwenyewe amejiandika kaka wa Hadjira," aliendelea mzee. "Kaka wa Hadjira ni kaka yako wewe. Sasa mimi nimwozeshe mtu dada yake? Watanicheka barazani mpaka siku ya kuzikwa."

"Ni karatasi tu, mjomba."

"Mwaka mzima unatusumbua na karatasi, karatasi. Leo imekuwa karatasi tu?"

Nafissa aliushusha mkoba wake sakafuni.

"Keshokutwa Alhamisi walezi wote wanakuja ofisini kwenu kutia sahihi," alisema mzee. "Nitakuja nami. Alifute jina lake kwa Nouriat, mbele ya macho yangu, ndipo tuzungumze posa. Asipofuta, posa hiyo tuisomee fatiha ya maiti."

"Akilifuta, mtoto atabaki hana mtu. Ataondolewa shuleni, chakula atakosa."

"Hilo si langu."

"Basi la nani, mjomba?"

Mzee Mroudjae alisimama, akaitafuta ndara kwa mguu, hakuipata mara moja. Nafissa alimtazama na kwa mara ya kwanza akamwelewa. Hakukasirishwa na harusi wala na wachekaji wa barazani. Alikasirika kwa sababu amepita mtu akakuta kiti chake kitupu, akakikalia.

*

Jumatano adhuhuri alimkuta Toihir nyuma ya shule, chini ya kipande cha bati, anapiga randa ubao wa dawati. Suruali yake ilikuwa na viraka magotini. Barabarani lilikuwa likipita gari la askari mamluki wa Kizungu, na kama ilivyokuwa ada ya siku zile, kila mtu alitazama alichoshika mkononi mpaka likapita. Kisha Toihir akainua uso, akamwona. Randa ikasimama.

"Umekwenda kwa mama," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Unanukia karafuu."

Nafissa alikuwa amekuja na hasira amezipanga vizuri, na sasa zilianza kumponyoka. Alisogea akaegemea dawati bovu, mbali naye kidogo, mahali ambapo watu wakipita wasiwe na la kusema.

"Mama yako anauliza vitambaa vyake vinakwenda wapi."

Toihir alicheka chinichini, akageuza uso. Kwenye msumari nyuma yake ulining'inia mfuko mdogo wa madaftari ambao haujashonwa mkanda. Kijivu, wenye mistari. Hapo Nafissa akakumbuka. Nouriat, mwezi uliopita, alipopanda mizani, alikataa kuuachia mfuko wake mpaka alipoahidiwa kuwa hautapimwa naye.

"Mifuko saba," alisema Nafissa. "Wiki mbili hizi silali vizuri, Toihir. Mama saba. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni wake zako."

"Wote saba? Sheria inaruhusu wanne."

"Usinichekeshe. Sikuja kucheka."

"Najua." Aliiweka randa chini. "Ulikuja kuuliza. Uliza."

"Ulianzaje?"

Toihir alipangusa vumbi la mbao mikononi kabla ya kujibu. "Ilianza kwa Faouzia. Mama yake alisimama langoni siku tatu. Karani anamwuliza, baba wa mtoto yuko wapi? Amekufa Majunga. Kaka yako je? Amekufa Majunga. Basi nenda ukamlete mtu. Mtu gani tena, Nafissa? Mimi nilikuwa nabeba madawati, penseli iko sikioni. Siku ya tatu nikasema, mtu ndiye mimi, nikaandika jina langu. Karani hata hakuinua kichwa."

"Kisha?"

"Kisha wale wanawake wana midomo. Akaja wa pili kutoka Ntsoudjini. Mimi natengeneza madawati ya shule tatu, kwa hiyo kila shule nikawa na dada."

"Na Hadjira?"

"Alikuwa wa nne. Alikuja kwa miguu kutoka Vouvouni. Akasema yeye mjomba anaye, ila mjomba hana habari naye. Sikumuuliza ni wa ukoo gani. Wakati huo wewe ulikuwa hujaniitikia hata salamu."

Hilo lilikuwa kweli. Miezi mitatu alimwacha amsalimie bure, kwa sababu ya suruali yenye viraka.

"Na ungejua ni dada yangu?" aliuliza Nafissa. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Ungeandika?"

Mwanamume mwingine angejibu haraka. Toihir alimtazama, akafikiri mbele yake bila kujificha.

"Ningeandika," alisema. "Ningeumia, lakini ningeandika."

Nafissa alimweleza basi sharti la mjomba wake, lote, bila kulitia sukari. "Jina moja tu, Toihir. Wale sita watabaki."

"Na huyu mmoja?"

"Nitamlisha mimi."

"Utamlisha, na kusoma? Mtihani ni mwezi wa sita. Akitoka kwenye orodha yenu harudi, wewe mwenyewe unajua. Nani atamwandika tena?"

Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafuta, kwa rula na wino mwekundu, kila muhula.

"Kwa hiyo unanikataa mimi."

"Nakupenda wewe," alisema Toihir, na hakupunguza sauti ingawa mwalimu mmoja alikuwa akipita. "Nakupenda mpaka kazi inaniharibikia. Ubao huu nimeupiga randa tangu saa mbili, sasa ni mwembamba haufai kitu. Lakini siwezi kukuoa kwa kumtoa mtoto darasani. Kila ukinipakulia chakula utaona ni kile alichonyimwa Nouriat. Hutaniambia, lakini utaona."

Hakuna kinachoudhi kama mtu unayempenda kuwa upande wa haki. Nafissa aliuchukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Alifika langoni, akakumbuka karafuu, akarudi nazo uso umekunjwa. Toihir alinyoosha mkono kupokea. Vidole vyao vilikutana juu ya ile karatasi ya daftari, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kuachia.

"Kesho njoo," alisema Nafissa. "Lolote litakalotokea, usiondoke kabla yangu."

"Unataka kufanya nini?"

"Bado sijui. Njoo tu."

*

Alhamisi ukumbi wa ofisi ulijaa tangu saa mbili. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na watoto wao waliosafishwa, na katika foleni hiyo mifuko saba ya kijivu ilionekana kwa yeyote mwenye kutaka kuona. Mkuu wa ofisi, Bwana Fakri, mtu mwangalifu, aliyechukia makosa kuliko njaa, alikaa mezani na orodha. Nafissa alikaa kando yake. Toihir alikuwa amesimama ukutani, suruali ileile.

Mzee Mroudjae aliingia saa tatu amevaa joho lake jeusi la tarizi, lile la heshima wanalovaa waliofanya harusi kuu ya kimila. Watu walimpisha. Alikwenda akasimama karibu na meza, bakora mbele.

"Nouriat binti Hadjira," aliita Fakri. "Mlezi?"

Toihir alisogea.

"Ngoja," alisema Mroudjae. "Jina la huyu lifutwe hapo."

Fakri alimtazama seremala. "Unafuta?"

"Sifuti."

"Ni mpwa wako kweli?" Fakri alipeleka kidole chini ya orodha, kikasimama, kikashuka, kikasimama tena. "Na huyu? Na huyu? Bwana, wewe una dada wangapi?"

Toihir aligeuza macho kwenye foleni. Nafissa alisimama.

"Hana hata mmoja," alisema. "Nimekwenda Mutsamudu, nimemuuliza mama yake."

Toihir aligeuka akamtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, kulikuwa na kutoelewa, na hilo lilimchoma Nafissa kuliko hasira. Katika foleni Hadjira alifunga macho. Fakri alivuta rula, akafungua wino mwekundu.

"Basi mtoto huyu hana mtu. Tumfute, arudi nyumbani."

"Mtu anaye," alisema Nafissa. "Hadjira hana kaka. Asiye na kaka, mjomba wa mama ndiye mjomba wa mtoto, hilo mimi sihitaji kuwafundisha watu wa hapa. Na mjomba wa Hadjira yuko hai. Amesimama hapo mbele yako, amevaa joho."

Mzee Mroudjae hakugeuza shingo. Nafissa alijua kwamba mzee akiondoka sasa, ameondoka na shule ya Nouriat, na posa, na nafasi yake Nafissa kama binti wa nyumba ile. Alikuwa amevitia vyote mezani kwa neno moja.

Aliyesogea alikuwa Nouriat. Alikuwa amefundishwa adabu na mama yake, na adabu haijui ugomvi wa wakubwa. Alimwendea yule mzee, akashika mkono wake wa kulia kwa mikono miwili, akaubusu.

"Shikamoo, babu."

Mroudjae alimwangalia. Miaka saba hakuwahi kumwona hata kwa mbali. Paji lile pana, na nyusi zile zinazokaribia kukutana, vilikuwa vya dada yake mkubwa aliyemlea, naye akamzika.

"Marahaba. Unasoma?"

"Nasoma, babu."

"Soma hapo." Alionyesha orodha kwa bakora.

Nouriat aliinama juu ya meza, akafuata mstari kwa kidole. "Nouriat binti Hadjira. Miaka minane. Mlezi, Toihir Sounhadj. Mjomba."

"Hapo pamekosewa," alisema mzee.

Aliketi kwenye kiti ambacho Nafissa alikuwa amekiacha. Akachukua kalamu, si ile ya wino mwekundu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, polepole, kuanzia kulia kwenda kushoto, na mstari haukumtosha akavuka mpaka pambizoni. Hadjira alijifunika uso kwa leso. Mzee hakumtazama bado. Pengine ingemchukua wiki, pengine Ramadhani nzima, lakini jina lilikuwa limekwisha kuandikwa, na Fakri akalikausha kwa karatasi ya wino.

"Wale wengine sita, mzee," alisema Fakri kwa adabu, "kwa maneno ya bibi huyu mwenyewe, si wapwa wa huyu bwana."

Mroudjae aliwageukia wanawake. "Kaka zenu wako wapi?"

"Majunga," alijibu mama yake Faouzia. "Baadhi yao tuliwazika. Wengine hatukuwaona tena."

Mzee aliweka mkono juu ya orodha.

"Maiti hashiki kalamu, Fakri," alisema. "Na kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwache kijana aandike."

Fakri alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa mtoto wa Moroni, na barazani babake alikaa nyuma ya Mroudjae kwa cheo. Aliifunga chupa ya wino mwekundu. Toihir akasogea, akaandika jina lake mara sita, na kila mara mama mmoja akapita na mtoto wake na mfuko wake wa kijivu.

Alipomaliza, Mzee Mroudjae alisimama, akanyoosha joho. "Wewe seremala. Ijumaa walete tena wazee wako. Safari hii tafuta wasiokohoa, wale wa kwanza sikusikia walichosema."

Akatoka, na Nouriat nyuma yake, maana hakuna aliyemwambia asimfuate.

Nafissa alibaki akikusanya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimekusanywa. Toihir alikuja akasimama upande wa pili wa meza.

"Ulinitisha," alisema.

"Nilijitisha mwenyewe."

"Basi sasa nina dada sita, tena kwa maandishi ya serikali."

"Najua," alisema Nafissa, na safari hii alimtazama mpaka mwisho. "Nimewahesabu vizuri, Toihir. Mimi simo."